Laki nne na sitini za Gungu, laki tisa za Kibondo

Oktoba 2023 wataalamu wawili wa maabara, wote wa zahanati moja ya binafsi hapa mjini Kigoma, walipata barua za kazi zilizofanana neno kwa neno. Shirika moja lililokuwa na mradi wa afya kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Kibondo, liliwataka wote wawili. Mshahara shilingi 1,200,000 kwa mwezi, mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kuhuishwa. Pale zahanati kila mmoja alikuwa analipwa 550,000. Mmoja akaenda, mwingine akabaki. Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi nani kati yao alipatia, na kila nikijaribu kujibu najikuta nimechukua karatasi na kalamu.

Mimi ni afisa mikopo wa chama cha kuweka na kukopa. Wote wawili ni wanachama wetu na wameniruhusu kukieleza kisa chao mradi nisiwataje. Kwa hiyo nitawaita kwa mitaa yao, dada wa Gungu na dada wa Katubuka, na mambo mawili matatu madogo nimeyabadili. Nikiri pia mapema kwamba mwanachama akipanda mshahara mimi nafurahi kwa sababu zangu: mshahara mkubwa hubeba mkopo mkubwa, na mwisho wa mwaka mikopo ndiyo inayonitetea mbele ya bodi. Ndiyo maana dada wa Gungu alipoingia ofisini na barua yake, hata hajakaa vizuri kwenye kiti, nilishamwambia, "Sasa unasubiri nini?"

Hakucheka.

"Kaka, mimi nina raha pale," alisema. "Hiyo raha ndiyo inanisumbua."

Nilimwomba anieleze hiyo raha ni nini hasa. Alikuwa na miaka saba pale zahanati. Kutoka kwake hadi kazini ni dakika kumi kwa mguu. Anaingia saa moja na nusu asubuhi, saa tisa na nusu alasiri yuko huru. Chakula cha mchana kinapikwa hapo hapo, ugali wa muhogo na dagaa siku nyingi, migebuka siku za neema. Watoto wake wawili, wa miaka tisa na minne, wakiugua wanatibiwa bila kudaiwa kitu. Mwenye zahanati, tabibu mstaafu ambaye kila mtu anamwita Mzee, hajawahi kumfokea. Siku akichelewa anapiga simu, basi. Na kwa kuwa anatoka mapema, ana biashara yake ya mawese: ananunua kwa madumu upande wa Mwandiga, anayapima kwenye chupa, jioni wateja wanakuja nyumbani. Faida yake ilikuwa kama 90,000 kwa mwezi, nami naijua kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiiweka akiba kwetu.

Mume wake ni mvuvi wa dagaa, mwalo wa Kibirizi. Anayeijua kazi hiyo anajua kwamba mwezi ukiwa mkubwa angani mtu analala nyumbani, na pesa nazo zinalala. Kwa hiyo nyumba ile ilisimama juu ya ule mshahara mdogo usioyumba.

Mama yake alikuwa ameshatoa hukumu kwa methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Ni methali nzuri, na wenye haraka huitumia kufunga mjadala. Lakini mbachao ni mkeka mchakavu. Methali haisemi mkeka huo ni mzuri, inasema tu kwamba ni wako. Nikamuuliza swali ambalo wakati ule nililirusha bila kulipima: huo mbachao wa zahanati ni wako, au ni wa Mzee?

Alinyamaza. Tukaenda kwenye hesabu.

Karatasi

Watu wengi wanaoniletea barua za kazi mpya huniambia mshahara wa juu kabisa, ule ulioandikwa kwa wino mzito. Hakuna anayekula mshahara huo. Chukua 550,000 za zahanati. NSSF, mfuko wa pensheni, wanakata asilimia 10, ambayo ni 55,000. Kinachobaki, 495,000, ndicho kinachotozwa kodi. Katika hicho, 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu, na inayozidi hapo hadi kufika 520,000 inatozwa asilimia 8, kwa hiyo kodi yake ni 18,000. Bima ya afya ya NHIF asilimia 3, yaani 16,500. Mkononi zinafika 460,500.

Sasa 1,200,000 za shirika. NSSF 120,000. Inayotozwa kodi ni 1,080,000, na kwa kuwa imevuka milioni moja, kodi inakuwa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya zile 80,000 zilizozidi: jumla 152,000. Bima shirika lilikuwa linajilipia lenyewe. Mkononi 928,000.

Tofauti ni 467,500 kwa mwezi. Hapo hata mimi nilimeza mate.

Tukaandika upande wa pili wa karatasi. Chumba cha kupanga Kibondo, 70,000, maana mume na watoto wangebaki Gungu. Chakula chake mwenyewe kule, pamoja na kile cha mchana ambacho hapa anapewa bure, 120,000. Kurudi nyumbani mara mbili kwa mwezi, nauli ya kwenda na kurudi, 60,000. Msichana wa kumsaidia kuwatunza watoto, 70,000. Zimebaki 147,500. Na mawese? Hakuna mtu wa kuyapima jioni. Mume alisema ataweza, dada akamwangalia kwa jicho ambalo sitalieleza. Toa 90,000. Zikabaki 57,500.

Mshahara uliokuwa maradufu ukawa elfu hamsini na saba na mia tano. Kwa pesa hiyo angelala mbali na mtoto wa miaka minne usiku zaidi ya ishirini kila mwezi.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimemaliza kazi kwa dakika kumi na tano. Lakini kuna mstari ambao watu huusahau kwa sababu hauonekani mkononi. NSSF ni asilimia 20 kwa jumla, mwajiri na mwajiriwa. Kwa zahanati mchango wake wote ulikuwa 110,000 kwa mwezi. Kwa shirika ungekuwa 240,000. Kwa hiyo 130,000 zaidi zingeingia kwa jina lake kila mwezi, na nusu ya hizo inatoka mfukoni mwa mwajiri. Mtu anayeshindwa kuziona leo atazitafuta akiwa na miaka sitini. Niliziandika pembeni, nikazizungushia duara, nikaacha alama ya kuuliza, kwa sababu kwa mtu wa miaka thelathini na nne mwenye ada ya shule mwezi Januari, pesa ya uzee si sawa na pesa ya unga, hata kama ni noti zile zile.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mimi ndiye niliyepaswa kulisema, kwa kuwa linatuhusu. Alikuwa na mkopo wetu, umebaki 1,200,000, anakatwa 150,000 kila mwezi moja kwa moja kutoka zahanati. Akihama, makato hayo yanakoma hadi mwajiri mpya akubali kuyaendeleza. Wadhamini wake wawili, mmoja nesi wa hapo hapo, walikuwa wameshaanza kuniuliza kwa mzunguko. Sikuwa nimewahi kuliona hili waziwazi kabla ya siku ile, kwamba mkopo ninaoutoa kwa furaha ni kamba pia. Nimewafunga watu wengi kwenye kazi zao kwa kamba ya namna hiyo, na kwenye ripoti ya mwaka tunaiita urejeshaji mzuri.

Upande wa Katubuka

Dada wa Katubuka alikuja siku tatu baadaye. Miaka ishirini na saba, hana mtoto, hana mkopo, hana mawese. Amepanga chumba cha 60,000. Hesabu yake haikumaliza nusu ukurasa: ile tofauti ya 467,500, ongeza chumba cha Katubuka anachokiacha, toa chumba cha Kibondo 70,000, toa chakula cha mchana 60,000 ambacho sasa atajinunulia (jioni alikuwa anajipikia hata hapa), toa nauli ya mara moja kwa mwezi 30,000. Zilibaki 367,500.

Barua ile ile, mshahara ule ule, zahanati ile ile. Mmoja anapata 57,500, mwenzake 367,500. Hadi leo nikisikia watu wanabishana kama ni vizuri kuhama kazi kwa ajili ya mshahara nashindwa kuchangia, kwa sababu swali halina mwenyewe. Lazima kwanza liwe na watoto au lisiwe nao, liwe na madumu ya mawese au lisiwe nayo.

Nilimpa tahadhari moja ya kisheria, aliyoijibu kwa kuinua mabega. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mwajiriwa asiachishwe kazi bila sababu halali, lakini ulinzi huo haumhusu mtu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Anayehama anaanza sifuri. Tena mkataba wa muda maalumu ukifika tarehe yake unaisha wenyewe, hakuna wa kulaumiwa. Na kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliotimia, kisichozidi miaka kumi, ni cha mtu ambaye mwajiri ndiye amemaliza ajira. Anayeacha mwenyewe anatoa notisi yake ya siku 28 na kuondoka. Kwa dada wa Gungu, miaka saba ilikuwa kama milioni moja na elfu thelathini na kitu, pesa ambayo angeweza kuidai siku zahanati ikimpunguza. Hakuwa nayo mkononi, kwa hiyo sikuitia kwenye hesabu. Nilimtajia tu.

"Mimi sina cha kupoteza," alisema dada wa Katubuka.

"Una kazi," nikamwambia.

"Kaka, miaka mitatu naangalia slaidi za malaria. Darubini ile ile, hata balbu ni ile ile."

Nilidhani ni mdomo wa kijana. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba katika maneno yote yaliyosemwa ofisini kwangu juu ya kisa hiki, hayo ndiyo yaliyokuwa na thamani kubwa.

Hatukuanza jana

Niruhusiwe kutoka nje ya mada kidogo. Kigoma ni mkoa unaojua kuaga. Wakati wa Mwingereza mkoa huu ulikuwa kama ghala la vibarua: Waha wa Kasulu na Kibondo walichukuliwa kwenda kulima na kukata mkonge Tanga, na tangu 1944 kulikuwa na ofisi maalumu ya wenye mashamba, SILABU, iliyokusanya watu na kuwasafirisha. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba. Reli iliyofika hapa mwaka 1914 iliwabeba kwenda mashariki kama ilivyobeba samaki na mawese. Wengine walirudi na mabati na baiskeli, wengine wakabaki hukohuko, na wajukuu wao leo hawajui Kiha zaidi ya kusema "mwakeye".

Nalitaja hili kwa sababu wazee wetu wanapokwambia "tulia" au "nenda", wanasema kutoka ndani ya historia hiyo. Mama wa dada wa Gungu alikuwa na baba aliyekwenda mkonge akarudi baada ya miaka kumi na moja. Methali ya mbachao kwake ilikuwa ni sura ya mtu.

Raha ina mdhamini?

Baada ya wiki moja dada wa Gungu alirudi. Alikuwa ameamua kubaki, lakini alitaka nimwambie kwamba hakubaki kwa woga. Sikuweza kumwambia hivyo, kwa sababu sikuwa nina hakika. Badala yake nilimwomba tuifanyie raha yake kile tunachowafanyia watu wanaoomba mikopo: tuulize inatoka wapi, itadumu hadi lini, na nani anaidhamini.

Chakula cha mchana, matibabu ya watoto, kutembea kwenda kazini: hizo ni pesa zilizovaa nguo nyingine. Zina bei, tumeshazitia kwenye karatasi au tungeweza. Mtu asizionee haya. Anayesema "mimi sifanyi kazi kwa ajili ya pesa" huku anakula mchana bure kwa mwajiri hajajihesabu vizuri.

Kulala na watoto wake ni kitu kingine. Sikukipa bei na nilikataa kabisa alipotaka nikipe. Kuna wanaosema kila kitu kina bei, wengi wao hawana mtoto wa miaka minne anayeamka usiku akiita.

Halafu kuna lile fungu lililonipa shida: "nimezoea", "wananijua", "hakuna presha". Nilimuuliza ni lini mara ya mwisho alijifunza kipimo kipya. Alifikiri muda mrefu. Ilikuwa 2018. Zahanati yao inapima malaria, wingi wa damu, mkojo, choo, sukari, ujauzito, na vipimo vya haraka vya VVU. Ni kazi halali na watu wanapona kwa ajili yake. Lakini kule kambini kulikuwa na mashine ya kuchambua chembe za damu na GeneXpert ya kifua kikuu, na mtu akiwa na mwaka mmoja wa kuzitumia, barua yake ya maombi inasomwa hadi mwisho. Miaka saba ya dada wa Gungu, kwa jicho la mwajiri mwingine, ilikuwa mwaka mmoja uliorudiwa mara saba. Nililisema hivyo hivyo. Nilijuta sauti niliyolisemea, lakini maneno yenyewe sijayafuta.

Na mdhamini wa raha yote hiyo? Mzee. Hakuna mahali kwenye mkataba wake palipoandikwa chakula cha mchana. Matibabu ya watoto hayakuandikwa. Kutoka saa tisa na nusu kulikuwa mazoea, mkataba ulisema saa arobaini na tano kwa wiki. Kama angekuja kuniomba mkopo wenye dhamana ya namna hiyo, mtu mmoja, umri zaidi ya miaka sabini, hakuna karatasi, ningemrudisha nyumbani kwa upole.

Kwa hiyo akabaki, lakini si kwa mikono mitupu. Tulikubaliana azungumze na Mzee. Hapa kwetu huendi kwa mzee aliyekupokea ukiwa mtoto wa chuo ukamtupia mezani barua ya mwajiri mwingine. Alikwenda Jumapili jioni, nyumbani kwake, na chupa mbili za mawese, akakaa, wakaongea habari za mafua ya watoto na bei ya saruji, na katikati akasema, "Mzee, nimepata wito Kibondo, nimeona nije nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu."

Mzee akamjibu, "Mwanangu, mimi sina milioni."

"Najua, Mzee. Sikuja kuomba milioni."

Aliomba mambo mawili. Mshahara ufike 620,000, na Jumamosi mbili kwa mwezi aruhusiwe kwenda kufanya kazi ya muda kwenye maabara nyingine ya mjini yenye mashine za kisasa. La kwanza lilikubaliwa palepale. La pili lilimkwaza Mzee, maana ni sawa na kumpeleka binti yako kwa jirani akajifunze kupika, lakini siku ya tatu akakubali. Mimi nilikuwa nimemwomba aongeze la tatu, chakula na matibabu yaandikwe kwenye barua. Alikataa katakata. "Nitamwambia vipi Mzee aniandikie ugali?" Nilimwelewa, ingawa nilijua nasikiliza kosa.

Kwa faida ya wanaopenda namba: nyongeza ya 70,000 ilimwachia mkononi 51,300, baada ya NSSF, bima, na kodi iliyopanda daraja. Jumamosi mbili zilimpa kama 40,000. Yaani bila kuhama alipata zaidi ya zile 57,500 alizokuwa aende kuzitafuta Kibondo.

Mwaka ulioonekana kumpa haki

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu mume hakuingiza kitu. Mshahara wa zahanati na mawese vilibeba nyumba. Watu wakasema, unaona? Mimi nikaona pia upande wa pili, kwamba kama angekuwa Kibondo, mshahara wake ungebeba nyumba hiyo kwa nafasi zaidi, na mume angekuwa nyumbani bure kulea watoto, bila zile 70,000 za msichana wa kazi. Sikulisema. Haikuwa wakati wake.

Kisha Januari 2025 serikali ya Marekani ikasitisha misaada ya nje kwa siku 90, na miradi mingi iliyokuwa ikiishi kwa pesa hiyo ikapata barua za kusimamisha kazi. Mradi wa dada wa Katubuka ulikuwa mmoja wao. Mkataba wake ulikuwa umehuishwa mara moja. Alikuwa ametimiza miezi kumi na mitano. Alirudi Kigoma na begi, godoro na feni.

Mtaani hukumu ilitoka siku ile ile. Wa Gungu ana busara, wa Katubuka tamaa imemponza. Hata wadhamini wa dada wa Gungu walikuja kunikumbusha kwamba wao walishasema.

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Oktoba 2023 hakuna aliyekaa Gungu wala Katubuka aliyejua kitakachoamuliwa Washington Januari 2025. Kuusifu uamuzi kwa sababu ya jambo ambalo mwamuzi hakulijua ni kusifu bahati. Na hata tukikubali kupima kwa matokeo, basi tupime yote. Dada wa Katubuka alikuwa anaweka kwetu 350,000 kila mwezi bila kukosa. Miezi kumi na mitano ni 5,250,000. Alikuwa na kiwanja na msingi uliokwisha mwagwa zege. Alikuwa na cheti cha mafunzo ya mashine mbili ambazo hapa mjini wanaozijua wanahesabika. Alikaa bila kazi wiki kumi na moja, wiki ngumu, nilimuona amekonda. Kisha akaajiriwa na kituo kingine cha binafsi hapa hapa mjini kwa 800,000. Anayesema huyo alipoteza anioneshe kilichopotea.

Kilichokuwa upande wake tangu mwanzo, na ambacho sikukiandika kwenye karatasi yoyote, ni kwamba aliweza kuanguka bila kumwangukia mtu. Wiki kumi na moja bila mshahara kwake zilikuwa njaa ya mtu mmoja. Kwa dada wa Gungu zingekuwa ada, mkopo wetu, wadhamini wawili, na mume asubiriye mwezi upungue angani. Nikiulizwa leo, naona hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya mshahara na kabla ya raha: ukianguka, unamwangukia nani?

Ugali usioandikwa

Katikati ya 2025 Mzee alipata kiharusi chepesi. Anaendelea vizuri, anatembea kwa mkongojo, lakini zahanati sasa inaendeshwa na mwanawe aliyesomea biashara. Si kijana mbaya. Amekuta madeni ya dawa na bili za umeme, anafanya anachofundishwa. Mwezi wa kwanza akaweka mashine ya alama za vidole mlangoni. Wa pili akafunga jiko: wafanyakazi waje na chakula chao. Wa tatu akatoa tangazo kwamba familia za wafanyakazi zitibiwe kwa bima kama wagonjwa wengine, na muda wa kutoka ni saa kumi na moja, kama mikataba inavyosema.

Na mikataba kweli inasema hivyo. Dada wa Gungu alikuja kuniuliza kama hilo ni halali, maana ni mazoea ya miaka. Nikamwambia aende kwa afisa kazi akaulize. Mazoea ya muda mrefu huweza kuwa na uzito, na yeye ajue haki yake kabla ya kununa. Lakini wote wawili tulikuwa tunafikiria jambo moja, ule ugali ambao hakutaka uandikwe. Alihama bila kuondoka kwenye kiti chake. Ameamka asubuhi moja yuko kwenye kazi mpya, mwajiri mpya, masharti mapya, kwa mshahara wa zamani.

Mawese yamepungua pia, sasa anayapima usiku, na wateja wa jioni wamezoea kwenda kwa mama mwingine wa mtaa wa pili. Faida imeshuka hadi 35,000, 40,000 ukiwa mwezi mzuri.

Zile Jumamosi mbili ndizo zilizobaki zake. Karibu miaka miwili ya kugusa mashine, hata kwa siku mbili kwa mwezi, imemtosha kuziandika kwenye maombi bila kudanganya. Wiki mbili zilizopita ameingia ofisini na barua nyingine. Safari hii ni kituo cha afya huko Kasulu, karibu zaidi kuliko Kibondo, 850,000, mkataba usio na kikomo, na nyumba ya mfanyakazi yenye vyumba viwili ambayo, ametaka nilione mwenyewe, imeandikwa kwenye barua, aya ya sita. Mtoto wake wa mwisho sasa ana miaka sita, ameanza darasa la kwanza. Mkopo wetu amemaliza.

Sikumuuliza anasubiri nini. Alifungua mkoba akatoa ile karatasi yetu ya mwaka 2023, imekunjwa mara nne, imeshika harufu ya mawese. Akailaza mezani, akachukua kalamu yangu, akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa chakula cha mchana, upande wa Gungu, akaandika sifuri.